Mlima Ndalisi Ulipopoa

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito mno hata ndege ndogo zisizo na rubani za kituo cha uangalizi hazikuweza kuruka, kwa hiyo Subilaga akapanda mlima kwa miguu. Sikio la Lwifwa lilikuwa limenyamaza. Masikio ni vyombo vilivyofukiwa ardhini kuuzunguka Mlima Ndalisi, kila kimoja kikubwa kiasi cha chungu cha kupikia, kazi yake kusikiliza kama kiini cha mlima kimetulia au kinajigeuza. Sikio likinyamaza, lazima mtu aende akalifukue. Na kwa kuwa ndani ya uzio wa mlima hakuruhusiwa kuingia mtu isipokuwa Mlinzi wa Mlima na wale aliowateua, Subilaga, ambaye ndiye aliyekuwa Mlinzi, alijiteua mwenyewe.

Wenzake hawakumuuliza. Walijua kuwa Lwifwa ndiko alikozaliwa. Aliondoka huko akiwa darasa la tatu, mwaka ule mlima ulipoanza kukohoa majivu na malori yakaja kubeba vijiji vyote vya mteremko, na tangu hapo hakuwahi kurudi. Kazi yake aliifanya bondeni, penye mitambo, akiutazama mlima kwenye vioo kama daktari anayemtibu mgonjwa bila kumshika mkono.

Njia ya kijijini ilikuwa imemezwa na migomba. Hakuna aliyeipanda, ilikuwa imejizalia, shina juu ya shina, ikaingia hadi vyumbani mwa watu, na majani yake yakatokeza madirishani kama wenyeji wanaochungulia mgeni. Mvua ilikuwa nyembamba, ile mvua ya Ndalisi isiyo na haraka, inayoanza kabla hujaamka na kuendelea baada ya kulala. Subilaga alilipata sikio karibu na lilipokuwa duka la kijiji. Mzizi ulikuwa umeukata waya wake. Alilitengeneza, akalifukia, akasikia kwenye redio ya begani sauti ya kituo ikimwambia kuwa sasa wanasikia vizuri.

Angeweza kushuka. Badala yake akafuata ukuta wa mawe hadi nyumbani kwao.

Bati lilikuwa limeanguka, lakini kuta zilikuwa zimesimama. Nyuma ya nyumba alilikuta kaburi la mama yake, Bupe, aliyefariki akimzaa mdogo wake, miezi michache tu kabla ya malori kuja. Msalaba wa saruji ulikuwa umevaa kuvu la kijani. Subilaga alipiga magoti, akakwangua kuvu kwa kucha, akang'oa magugu, na alipoona kinyago cha hewa alichokuwa amevaa kinamzuia kupumua, akakivua. Alitarajia harufu ya kiberiti, ile iliyokuwa ikiwakosesha watoto usingizi siku za mwisho. Haikuwepo. Palinuka udongo uliolowa na majani yaliyooza. Alilaza kiganja ardhini. Zamani ardhi ile ilikuwa ya moto hata kuku walikataa kutua. Sasa ilikuwa baridi.

*

Mlima ulipoamka, wataalamu walisema utapasuka, na ukipasuka utafukia kila kitu kuanzia mashamba ya chai hadi ziwani. Hakuna aliyejua namna ya kumzuia mnyama wa aina hiyo. Lakini Waisilandi walikuwa wamekwisha kujifunza kuchimba hadi kwenye magma, ule mwamba ulioyeyuka, bila kuiudhi, Waindonesia na Wafilipino walikuwa wameishi na visima vya mvuke miaka na miaka, na huko Bonde la Ufa Wakenya walikuwa na mafundi ambao baba zao na mama zao walikuwa mafundi wa jotoardhi. Wote wakaitwa. Wakaja na funza: mashine ndefu zisizo na meno, zinazokula mwamba kwa kuuyeyusha na kuacha nyuma yake tundu lenye kuta za kioo. Funza walishuka tumboni mwa mlima wakaacha mishipa, na ndani ya mishipa yakapitishwa maji yaliyobanwa hata yasiwe maji tena wala yasiwe mvuke. Yalizunguka pembezoni mwa magma, yakarudi juu yamebeba moto, na moto ule ukazungusha mitambo. Mlima uliotaka kuua ukawa unawasha taa za nusu ya nchi. Kila taa iliyowaka iliupunguzia homa kidogo.

Sheria iliyowahamisha watu wa Ndalisi ilisema watarudi siku joto la utosi wa kiini litakaposhuka chini ya nyuzi mia saba, kwa sababu hapo magma ya juu hugeuka jiwe na kuwa kifuniko. Ilisema pia kwamba habari hiyo haitatolewa na mashine. Mlinzi wa Mlima ataisema kwa mdomo wake, redioni, kwa jina lake, kwani hakuna mtu atakayekubali kulala juu ya moto kwa sababu kioo kimemwambia alale. Hiyo iliitwa Kauli ya Utulivu. Kila mtoto wa Ndalisi aliyezaliwa uhamishoni aliijua kama alivyojua Baba Yetu.

Subilaga aliporudi kituoni, nguo zikimchuruzika maji, mkuu wa kituo alikuwa akimngoja. Jina lake Luhende, mzee wa Kisukuma, mpole, mwenye tabia ya kupangusa miwani yake hata ikiwa safi.

"Injinia, kaa," alisema. "Umeona vipimo vya leo?"

"Nilikuwa mlimani, mkuu."

"Mia sita tisini na tisa."

Subilaga hakukaa. Aliisoma namba mwenyewe kwenye kioo, akaisoma tena. Alitaka kucheka, lakini uso wa Luhende ulimzuia.

"Bodi ya Mishipa imekutana," Luhende aliendelea. "Wanataka tufunge mishipa mitano ya juu. Siku ya Jumatatu. Tukiifunga, joto la utosi litapanda kidogo kidogo, lirudi mia saba na hamsini, likae hapo. Mlima hautapasuka. Wala hautapoa. Umeme utakuwepo mpaka kwa vitukuu."

"Na tusipofunga?"

"Unajua. Kifuniko kitakuwa kinene mwaka hadi mwaka. Miaka mitano, sita, nusu ya mitambo hii itakuwa imesimama."

"Kwa hiyo watu wa Ndalisi hawarudi."

"Watabaki salama walipo."

"Mkuu, tulipewa kazi ya kuiondoa hatari. Sasa tunaambiwa tuifuge."

Luhende alivua miwani, akaipangusa. "Mimi nimezaliwa Kishapu," alisema taratibu. "Mama yangu alikuwa analala mtoni, kwenye mchanga, pembeni ya shimo alilochimba mwenyewe, ili maji yakichuruzika asubuhi yamkute yeye wa kwanza. Siku moja nyoka alimkuta kabla ya maji. Leo nyanda zote zile zinakunywa maji ya chini sana, maji ya kale, na yanavutwa kwa umeme wa mlima wako. Watu wako mwenyewe wanayanywa. Nikikwambia tunalinda maji, sikudanganyi."

Nje, mvua ilikuwa inapiga mabomba kwa sauti moja.

"Mkono wa kufunga mishipa ni wako," alisema Luhende. "Na mdomo wa kutoa Kauli ni wako. Sheria haimpi mwingine, hata mimi. Nenda kawaone ndugu zako kwanza. Jumatatu tutaonana."

*

Garimoshi la umeme lilimteremsha nyanda za kati jua likiwa utosini. Makazi yaliitwa Ndalisi Mpya, ingawa hapakuwa na kilima hata kimoja. Barabara zilinyooka, nyumba zilifanana, na hewa ilicheza juu ya mabati. Baba yake, mzee Asajile, alikuwa amekaa kibarazani amevaa sweta. Wazee wa Ndalisi walivaa masweta hata kiangazi. Walisema mtu haachi nguo zake kwa sababu ya nchi ya watu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko hamli ndizi?"

"Tunakula."

"Hizi za hapa ni viazi vilivyovaa ganda," alisema mzee, akionyesha kwa kidevu mgomba wake uliosimama ndani ya pipa lililokatwa, uani. Aliumwagilia kwa maji ya kuogea tangu Subilaga yuko sekondari. Haukuwahi kuzaa hata chane moja. Jirani zake walikuwa wamechoka kumshauri aung'oe.

Walikula pamoja. Mzee aliuliza habari za mvua kama wengine wanavyouliza habari za jamaa: imeanza lini, inakuja upande gani, bado inavuma kabla ya kufika au inakuja kimya. Kisha Subilaga akamwambia alikuwa Lwifwa. Mzee aliweka kijiko chini.

"Umefika nyumbani?"

"Nimefika. Kuta zipo. Nimemng'olea mama magugu."

Mzee Asajile aliutazama mlango. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Akashukuru hivyo kwa lugha ya kwao, kisha akarudi kwenye Kiswahili kana kwamba ameshika kitu cha moto. "Na mlima? Mlima unasemaje?"

Subilaga alikuwa amejiandaa kwa swali hilo njia nzima.

"Bado, baba."

"Bado sana?"

"Bado."

"Basi tunangoja," alisema mzee, akachukua kijiko chake.

Jioni, kabla jua halijazama, Subilaga alimfuata mdogo wake shambani. Tumpe ndiye yule mtoto ambaye mama yao alifariki akimzaa. Aliondoka Lwifwa akiwa mgongoni kwa shangazi, hakumbuki hata tone la mvua yake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye watoto watatu na shamba la zabibu ambalo watu walitoka mbali kuja kulitazama. Mistari ya mizabibu ilikwenda hadi macho yalipokoma. Katikati palikuwa na pampu, ikinguruma.

"Umemdanganya baba," alisema Tumpe bila kugeuka, akifunga kichipukizi kwenye waya.

"Umejuaje?"

"Ukidanganya unajibu neno moja."

Subilaga alimweleza yote. Tumpe alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi, lakini ilipofika habari ya mitambo kusimama, mikono nayo ikasimama.

"Dada, njoo hapa." Alimshika mkono, akamwekea kiganja juu ya bomba la pampu. Lilikuwa baridi na linatetemeka. "Haya maji yako chini kuliko kisima chochote cha babu zetu. Umeme ukipungua, hayaji. Yasipokuja, mizabibu hii msimu mmoja tu imekwisha, na mimi na wanangu tunapanda lori. Unajua wewe lori lilivyokuwa. Si ulikuwa unatuhadithia? Mlivyokuwa mnalia, na hakuna aliyewauliza mnataka au hamtaki?"

"Nakumbuka."

"Basi ukisema mlima umepoa, lori hilo unaniletea mimi."

"Kule ni kwetu, Tumpe."

"Ni kwenu. Mimi kwetu ni hapa. Sina kwingine." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana liliuma. "Nampenda baba. Ila baba anaililia nchi ambayo mimi sijawahi kuiona. Toka nina akili, amekaa kibarazani amegeuka upande wa kusini. Kuna siku nilikuwa natamani ageuke tu, anione."

*

Jumapili, baada ya ibada, watu wa Ndalisi Mpya walikuwa na desturi yao. Mchungaji akishamaliza kubariki, hakuna aliyeondoka. Mmoja wa wazee alisimama akataja majina: vijito, vilima, mawe makubwa, mahali pa kuchotea, mahali ambapo fulani aliangukia akavunjika mguu. Waumini waliitikia kila jina. Watoto waliitikia pia, ingawa kwao yalikuwa maneno matupu, na vijana waliinamia simu zao.

Siku hiyo bibi mmoja, Tumwitike, ambaye uzee ulikuwa umempinda mgongo hata alitazama watu kwa chini, alisimama baada ya jina la mwisho.

"Tunaye Mlinzi wetu leo," alisema. "Mjukuu wangu, sina la kukusumbua. Nataka kuuliza moja. Mimi nimeshauza vyombo vyangu mara mbili nikidhani tunaondoka. Je, ninunue sufuria, au nisinunue?"

Kanisa zima likacheka. Bibi hakucheka. Aliuliza kweli, na alingoja jibu.

Subilaga alisimama. Alikuwa amekusudia kusema salamu na kuketi. Lakini alipoliangalia lile kanisa, sweta kwa sweta, na nyuma yao wale waliovaa nguo nyepesi wakiwa na watoto mapajani, akaona hana haki ya kujua peke yake.

"Bibi, mlima umepoa," alisema. "Umepoa tangu Alhamisi."

Ilikuwa kama upepo umepita. Mtu mmoja alipiga kigelegele, kikakatika nusu. Subilaga aliinua mkono, akaendelea kwa haraka kabla ujasiri haujamtoka. Aliwaeleza habari ya mishipa mitano. Aliwaeleza kuwa ikifungwa, mlima utarudi kuwa moto na hakuna atakayerudi, si wao wala wajukuu. Kwamba isipofungwa, njia iko wazi, lakini umeme utapungua mwaka hadi mwaka na pampu za nyanda zote zitaanza kunyamaza. Aliwaambia kesho yake ndiyo siku ya kuamua, na mwamuzi ni yeye.

Vurugu iliyofuata haikuwa ya wageni; ilikuwa ya watu wanaokula sahani moja. Mzee mmoja alisema waliibiwa maisha na sasa wanaibiwa hata kifo. Kijana mmoja akamjibu kwamba yeye ana mtoto wa wiki mbili, amnyweshe majina ya vijito? Mama mmoja alilia tu. Tumpe, mtoto wake mdogo amemlalia begani, alikuwa akimtazama dada yake.

Mzee Asajile alisimama mwisho. Watu walimnyamazia.

"Jana nilikuuliza ukaniambia bado," alimwambia bintiye mbele ya wote.

"Nilikudanganya, baba. Niliyahofia maji ya Tumpe."

"Ungenidanganya mpaka lini?"

Subilaga aliketi kwenye benchi.

"Mimi siwezi kukuambia ufunge wala usifunge," alisema mzee. "Nikisema usifunge, nitakuwa nimemwaga maji ya wajukuu zangu kwa ajili ya kaburi. Nikisema ufunge, nitakuwa muongo, kwa sababu naitaka Lwifwa kuliko ninavyoutaka mchana wa kesho. Ila usinifanye nikangoja kitu ambacho hakipo. Kungoja ni kazi, Subi. Nimeifanya toka nywele nyeusi. Kama haipo, niambie haipo, nikae chini nipumzike."

*

Jumatatu, chumba cha uangalizi kilikuwa na watu wengi kuliko siku zote. Luhende alisimama nyuma. Mbele ya Subilaga palikuwa na mikono mitano ya chuma ya kufungia mishipa, na pembeni yake kipaza sauti cha redio, ambacho hakikuwahi kutumiwa tangu kituo kijengwe. Kilikuwa na vumbi. Mtu mmoja alikuwa amejaribu kulifuta na kuliacha nusu.

Aliushika mkono wa kwanza. Ulikuwa mwepesi, mafundi waliujenga hivyo makusudi, ili mtu mmoja aweze. Aliwaza kwamba akiuvuta hatakuwa amemwua mtu. Ndiyo iliyokuwa hatari yake. Hakuna damu, hakuna kilio, pampu zinanguruma, watoto wanaoga, na wazee wanakufa mmoja mmoja wamegeukia kusini. Na mlima wenyewe utakuwa unachochewa chini kwa chini kama chungu cha mtu asiyetaka chakula kiive. Kila mwaka Mlinzi wa zamu atasema bado hakuna usalama, na itakuwa kweli, kwa sababu wameifanya iwe kweli.

Kisha akawaza kiganja chake juu ya bomba lililokuwa linatetemeka. Alimwona Tumpe, waya mkononi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Alisimama hapo mpaka kijana wa redio akaanza kukohoa.

Akauachia mkono wa chuma. Akavuta kipaza sauti.

"Mimi Subilaga, binti Asajile wa Lwifwa, Mlinzi wa Mlima Ndalisi," alisema. "Leo, kwa macho yangu na kwa masikio yaliyo ardhini, mlima umetulia. Mishipa itabaki wazi. Aliyeondoka anaweza kurudi." Kauli iliishia hapo kisheria, lakini yeye aliendelea. "Na wewe unayekunywa maji ya mlima huu ukiwa nyanda za mbali, sikiliza. Yatapungua. Si leo, lakini yatapungua, na nasema hivi nikiwa ninajua. Nisingependa uambiwe na mtu mwingine."

Alipozima, Luhende alikuwa bado amesimama. Miwani ilikuwa mkononi.

"Umemrudisha mama yangu mtoni," alisema.

"Najua, mkuu."

"Hujui. Ila umesema mwenyewe, hukujificha. Hilo nitakushuhudilia." Akatoka, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

Bodi ilimwondoa Subilaga kwenye ulinzi kabla wiki haijaisha. Kauli yenyewe hawakuweza kuiondoa. Sheria ilisema neno la Mlinzi likishatoka redioni halifutwi, ili watu wasije wakaitwa nyumbani asubuhi na kufukuzwa jioni.

*

Waliorudi hawakuwa wengi kama ilivyodhaniwa. Wengi wa wenye masweta walikwisha kuzikwa nyanda za kati, na wenye nguo nyepesi walibaki na watoto wao na mizabibu yao. Bibi Tumwitike alirudi na sufuria mpya. Mzee Asajile alirudi na shoka, akakata migomba iliyokuwa chumbani, akapiga bati, na siku ya kwanza ya kulala alilala fofofo, mvua ikipiga bati juu ya kichwa chake.

Wiki za mwanzo alikuwa kama kijana. Alitembea kila kijito akakitaja jina, na vijito vilikuwepo. Alikaa na mkewe kaburini akamsimulia mambo yote. Kisha, kidogo kidogo, akaanza kukaa kibarazani. Subilaga, aliyekuwa akiishi naye tangu aondolewe kazini, aliona jambo ambalo hakuwa na moyo wa kulitamka. Mzee alikuwa amekihamisha kiti chake. Sasa kilitazama kaskazini.

"Kule ndiko waliko?" aliuliza siku moja.

"Ndiko."

"Mtoto wa Tumpe yule mdogo atakuwa ameota meno."

"Ameota. Alinionyesha kwenye simu."

"Tumpe anakusemesha?"

"Kwenye mambo ya watoto tu, baba."

Huko nyanda za kati pampu zilikuwa zimeanza kupumzika mchana. Tumpe alikuwa amekata theluthi ya mizabibu yake. Hakulalamika, alituma picha ya vichwa vya mashina vilivyokatwa, bila neno lolote, na Subilaga aliitazama picha ile kila siku mpaka akaandika kuomba kazi kwa watu waliokuwa wakitafuta joto jipya kaskazini, kwenye mlima mwingine wa Bonde la Ufa. Mlima huo ulikuwa umelala, lakini una moto chini. Ukichimbwa vizuri unaweza kuzijaza pampu zote zitakazonyamaza. Kazi ilikuwa ya miaka. Na mteremko wa mlima huo ulikuwa na watu, mbuzi, na makaburi.

Alimwambia baba yake asubuhi ya kuondoka, begi likiwa mlangoni. Mzee alisikiliza, akitafuna ndizi iliyochomwa.

"Hao wa huko mtawahamisha?"

"Huenda. Huenda tusiwahamishe. Funza wa siku hizi ni wadogo. Sijui bado."

"Sisi tuliambiwa ni muda mfupi," alisema mzee. "Afisa aliyekuja na malori alikuwa kijana mzuri tu, mwenye huruma. Aliona tunalia akasema, msibebe vitu vingi, ni muda mfupi. Basi tukaacha milango wazi. Sikumuaga mama yako. Nilipita pale kaburini na godoro kichwani, nikasema moyoni nitakuja wiki ijayo. Sikumuaga mtu, sikuaga ng'ombe, sikuaga hata huu mlima wenyewe. Ndicho kilichonila, Subi. Si kuondoka. Watu huondoka." Alifuta vidole kwenye sweta. "Ukifika huko usiwaambie muda mfupi."

"Sitawaambia."

Gari la kumchukua lilipiga honi huko chini barabarani. Subilaga aliinama akachukua begi lake, akaliweka begani, akanyoosha mkono haraka kama mtu anayewahi safari ya kawaida. Mzee Asajile hakuupokea.

"Na wewe unaondoka kwa muda gani?"

Subilaga alimwona baba yake alivyokuwa: mifupa ya mabega ndani ya sweta, macho yenye ukungu.

"Sijui, baba."

"Basi weka begi chini," alisema mzee, akijiinua kwenye kiti kwa shida, "uniage vizuri."